Goti la kushoto: uchambuzi wa kisa cha kijana aliyeshindwa na kifaa cha macho

Nilipoitwa kumwona kijana huyu, kifaa chake cha kuandikia kwa macho kilikuwa kimefunikwa kitambaa juu ya kabati. Kilikuwa kimekaa huko miezi minane. Mama yake alikishusha, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akakiweka mezani mbele yangu kama anayerudisha mali ya watu. "Tumejaribu, baba," akaniambia. "Labda mwanangu si wa kuandika."

Kijana mwenyewe alikuwa amekaa palepale, anasikia kila neno.

Jina lake nalihifadhi, naye ameridhia kisa chake kiandikwe. Ana miaka 24. Ana mtindio wa ubongo, ile aina ambayo misuli haitulii: mkono unajinyoosha wenyewe, shingo inapinda, uso unakaza. Kusikia anasikia, kuelewa anaelewa, na kusoma alijifunza kwa kumtazama mdogo wake wa kike akifanya kazi za shule. Kusema pia anasema, ila maneno yake wanayafahamu watu wawili tu, mama na huyo mdogo wake. Mdogo wake ndiye mkono wake wa kuandikia. Kaka anasema, yeye anaandika, anamsomea, anasahihisha. Barua zote, ujumbe wote wa simu, hata mashairi, vimepita kwake. Anaifanya kazi hiyo kwa upendo nisiouona mara nyingi, na naomba msomaji alishike hilo, maana nitalirudia.

Nianze na kile kifaa cha macho, kwa sababu ni kifaa kizuri na sipendi kionekane kama takataka. Kinarusha mwanga wa infraredi usioonekana, mwanga ule unagonga konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, na kurudi, kamera inapima mahali mng'ao uliporudia ukilinganishwa na mboni, na kutokana na hapo kompyuta inajua mtu anatazama wapi kwenye skrini. Kabla ya kutumika, mtumiaji hufuata vitone kadhaa kwa macho ili kifaa kimzoee. Akishazoewa, akitazama herufi kwa muda uliopangwa, tuseme sekunde moja, herufi hiyo inaandikwa. Wapo watu waliopooza mwili mzima wanaofanya kazi za ofisi kwa njia hii.

Kwa kijana wetu kilishindwa kwa mambo matatu, na yote yangeonekana siku ya kwanza kama aliyekileta angekaa naye saa moja kabla ya kukifungua. Kwanza, kamera inaona eneo dogo tu mbele ya skrini, kama sanduku la hewa. Kichwa kikitoka nje ya sanduku hilo, macho yanapotea. Shingo ya kijana huyu inampeleka nje kila baada ya sekunde chache. Pili, meza iliwekwa dirishani ili apate mwanga, ilhali jua nalo lina infraredi nyingi, kwa hiyo kamera ikawa inapofushwa na lile dirisha alilowekewa kwa nia njema.

La tatu ndilo zito zaidi. Jicho kazi yake ni kutazama. Ukilipatia na kazi ya kubonyeza, kila linachokitazama linakibonyeza, hata pale mtu anapotafuta tu au anapofikiri. Mtafiti Robert Jacob alieleza tatizo hili mwaka 1990 akalipa jina la Midas, yule mfalme wa hadithi za Kigiriki ambaye kila alichogusa kiligeuka dhahabu, hata chakula. Kwa mtu mwenye misuli inayojiendea, ugumu huu huongezeka, kwa kuwa katika aina hii ya mtindio wa ubongo nia yenyewe huamsha mijongeo. Akilala, mwili unatulia. Akitaka jambo kwa nguvu, mwili unapiga kelele. Kwa hiyo kadiri alivyojitahidi kukaza macho kwenye herufi, ndivyo shingo ilivyomtoa. Mama yake aliliona hilo akalitafsiri kwamba mtoto hataki.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1993, Betsy Phillips na Hongxin Zhao waliwahoji watu wazima 227 wenye ulemavu kuhusu vifaa walivyowahi kupewa, wakakuta asilimia 29.3 ya vifaa hivyo viliachwa kabisa. Moja ya sababu kuu ilikuwa kwamba mtumiaji hakuulizwa maoni yake wakati wa kuchagua. Nilimuuliza mama: siku kifaa kilipoletwa, nani aliulizwa maswali? Akanyamaza kidogo. "Mimi," akasema. "Wote walikuwa wananiangalia mimi."

Basi tukaanza upya, na tukaanza na kiti. Najua inachosha kusikia habari za kiti pale mtu anaposubiri habari za kompyuta, lakini kwa mwili usiotulia kiti ndicho nusu ya kompyuta. Miguu yake ilikuwa inaning'inia. Mtu ambaye miguu haina pa kukanyaga hutafuta uthabiti mahali pengine, na yeye alikuwa akiutafuta kwa mabega na shingo. Pamoja na mtaalamu wa tiba kwa vitendo tulifunga mkanda wa nyonga uliokaa chini, penye paja na tumbo kukutana, tukaweka ubao imara chini ya nyayo, na meza ya kiti tukaipandisha mpaka viwiko vikalala juu yake bila kuinua mabega. Hatukugusa kompyuta siku hiyo. Shingo haikupona, lakini ilipunguza safari zake, na kwa mara ya kwanza niliweza kumtazama usoni kwa zaidi ya dakika moja bila sura yake kuvurugika.

Halafu likaja swali lenyewe: ni kiungo kipi anachoweza kukijongeza akitaka, kukirudisha akitaka, na kurudia mara nyingi bila kuchoka? Swichi moja, yaani kitu kimoja tu cha kubonyeza, inatosha kumwandikia mtu chochote, mradi kipatikane kiungo kimoja cha kuaminika. Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1960, katika hospitali ya Stoke Mandeville huko Uingereza, Reg Maling alitengeneza mtambo uliomwezesha mtu aliyepooza kupiga taipu kwa kupuliza na kuvuta pumzi kwenye mrija. Kifupi cha jina la mtambo huo kilikuwa POSM, watu wakakitamka Possum, na kwa Kilatini possum maana yake ni "naweza".

Hapa nilikosea mimi. Ziara mbili nzima nilizimaliza kwenye mkono na kichwa, kwa sababu ndiko mazoea yanakotupeleka. Nilimwomba abonyeze mara 20 kila ninapogonga meza, nikawa nahesabu alizopata, alizokosa na alizobonyeza bila kuombwa. Mkono wa kulia ulipata 11, ukabonyeza wenyewe mara nyingi. Kichwa upande wa kulia kilipata 15, nikafurahi, nikaanza kufunga swichi hapo. Sikutazama kilichokuwa kikitokea baada ya kila mbonyezo. Akigeuza kichwa kulia, mkono wa kulia unanyooka wenyewe, kwani shingo na mkono wake vimefungamana kwa mwitiko wa utotoni ambao haukuisha. Mkono ukinyooka, kiwiliwili kinapinda, na macho yanaihama skrini. Alikuwa anapata mbonyezo anapoteza ukurasa.

Aliyeniokoa ni mdogo wake. Alikuwa amesimama mlangoni anatutazama, akauliza kwa upole, "Kwa nini hamjaribu goti?" Nikamuuliza goti lipi. "La kushoto. Kaka akikubali jambo, goti hilo hujibu kabla ya mdomo. Hujaona linavyogonga ubavu wa kiti?" Mama akasema ule ni mtikisiko tu kama mingine. Binti akatikisa kichwa. Akamgeukia kaka yake, akamuuliza kama anataka chai. Goti la kushoto likaenda nje, likagonga kiti, tok. Akamuuliza kama anataka kulala. Goti likatulia tuli.

Miaka yote lile goti lilikuwa linasema ndiyo.

Tulipima goti mara 20, likapata 18, na halikubonyeza hata mara moja bila kuombwa. Shingo haikushtuka, kwa maana goti liko mbali na ule mfungamano wa shingo na mkono. Tukafunga swichi ya kitufe kwenye mkono wa chuma uliobanwa kwenye fremu ya kiti, waya wake ukaingia kwenye kijisanduku kinachoidanganya kompyuta kwamba kuna mtu amebonyeza kitufe cha kibodi. Kwa upande wa vifaa, hakuna kingine. Vyote viwili vingeenea kwenye kiganja cha mtu mzima.

Kwenye skrini kuna jedwali la herufi. Mwanga unashuka mstari kwa mstari, ukifika kwenye mstari anaoutaka anabonyeza, kisha unatembea herufi kwa herufi ndani ya mstari huo, anabonyeza tena, herufi inaandikwa. Mibonyezo miwili kwa kila herufi, iliyobaki ni kungoja. Mwanzoni niliuweka mwanga ukae sekunde 2 kila kituo, kwa kumhurumia. Alikosa mara nyingi. Nikadhani bado ni haraka, nikaongeza. Akakosa zaidi, uso ukakaza, akatoa sauti ambayo mdogo wake aliitafsiri bila kuipamba: "Anasema polepole mno, anachoka kusubiri mpaka goti linaondoka lenyewe."

Ilibidi nirudi kwenye hesabu badala ya huruma. Heidi Koester na Richard Simpson, waliochunguza sana uandishi wa swichi moja, wamependekeza kanuni rahisi: pima wastani wa muda anaotumia mtu kubonyeza baada ya mwanga kufika, ugawe kwa 0.65, utapata kasi inayomfaa. Wastani wake ulikuwa sekunde 0.8. Ukigawa kwa 0.65 unapata takriban 1.2. Tukaweka 1.2, na makosa yakapungua mchana uleule. Alikuwa na uwezo huo tangu siku ya kwanza, mimi ndiye nilimpunguzia.

Sasa nifike kwenye sehemu inayonigusa zaidi, nayo ni lugha. Jedwali lililokuja na programu lilipangwa kama kibodi ya kawaida, kuanzia Q, W, E, R. Mpangilio huo ulizaliwa na mashine ya taipu ya Christopher Latham Sholes huko Marekani miaka ya 1870, kwa ajili ya vidole vya mikono na kwa Kiingereza. Mtu wa vidole kumi haumdhuru. Mtu wa goti moja unamla siku nzima. Q iko kwenye kituo cha kwanza kabisa, na Kiswahili hakina Q. Wala X hatuna. A, ambayo ndiyo herufi tunayoitumia kuliko zote, iko mstari wa pili.

Chukua neno moja tu: ninakuja. Kwenye jedwali la Q-W-E-R, ukihesabu mistari na herufi ambazo mwanga lazima uzipite, N inachukua hatua 9, I hatua 9, N tena 9, A 3, K 10, U 8, J 9, A 3. Jumla hatua 60. Kwa sekunde 1.2 kila hatua, ni sekunde 72 kuandika neno moja, na hiyo ni kama hajakosa hata mara moja.

Tukakaa sote wanne kulipanga jedwali upya. Kona ya juu kushoto tukaweka A. Pembeni yake nafasi, chini yake I. Kisha U, N na E zikafuata kwa mshazari, halafu K, M, W na O, halafu L, H, T, S na Y, na kuendelea. Q na X tukazitupa mwishoni kabisa, kwa ajili ya majina ya kigeni. Kwenye jedwali hili ninakuja ni 4, 3, 4, 2, 5, 4, 7, 2. Hatua 31, sekunde 37. Goti ni lilelile, swichi ni ileile, na muda umepungua karibu nusu kwa kuhamisha herufi tu.

Programu ilikuwa pia na ubashiri wa maneno, ule wa kukuletea neno zima baada ya kuandika herufi mbili tatu. Kiswahili kiliushinda. Mtu akitaka kuandika nimekuandikia, mzizi unaobeba maana, andik, umejificha katikati. Mwanzoni kuna nime, halafu ku, na programu inayotafuta maneno mazima inakutana na mlima wa vitenzi vinavyoanza na nime bila kujua ikuletee kipi. Unakuwa umeshaandika neno karibu lote ndipo inapokuletea neno lenyewe.

Kwa hiyo hatukubashiri maneno, tulibashiri vipande. Pembeni ya herufi tukaongeza visanduku vya nina, nime, nita, ana, wana, haku, sija, ku, wa, na miishio kama ia, wa, ana, isha. Nimekuandikia ikawa nime, ku, andik, ia: vipande vitatu ni chaguo moja moja, na ni mzizi peke yake unaoandikwa kwa herufi. Mwandishi wa Kiswahili hujenga neno kwa vipande kichwani bila kujijua, na jedwali sasa lilikuwa linajenga naye hivyohivyo. Sijui kwa nini programu nyingi bado zinaiona lugha yetu kama orodha ya maneno. Tunapowauzia watu programu zilizofikiriwa kwa lugha nyingine, tunawatoza watu kama yeye kodi ya dakika, kila siku.

Nilijivunia orodha ile ya viambishi. Kijana aliijaribu kwa siku mbili, na nilipoingia siku ya tatu nikakuta ameniandikia kwenye skrini: mlisahau nge. Kweli tuliisahau. Ningependa, ningekwenda, ningemwambia. Hatukuwa tumempa namna ya kusema mambo ambayo yangeweza kuwa. Tukaiongeza mara moja, na mpaka leo ni miongoni mwa visanduku anavyovitumia sana.

Sitaki kuyapamba matokeo. Anaandika karibu maneno matatu kwa dakika siku nzuri, na ni polepole. Baada ya dakika 25 goti linaanza kukosa, hivyo anaandika kwa vipindi vitatu kwa siku na kupumzika katikati. Swichi ikisogea upana wa kidole kimoja, kila kitu kinaharibika, kwa hiyo tumebandika vipande vya karatasi nyekundu yenye gundi kwenye fremu ya kiti, kwenye mkono wa chuma na kwenye ukingo wa meza, na mama amejifunza kulinganisha alama tatu kila asubuhi kabla ya jambo lingine lolote. Amekuwa hodari kuliko mimi. Kuna siku alinirekebisha: "Hapana baba, alama ya chini haijakutana." Sauti ya kompyuta inayomsomea wageni alichoandika ni ya eSpeak NG, programu ya bure yenye Kiswahili. Inasema kama chuma, ila inaeleweka, naye anaipenda kwa kuwa haimkatizi. Kile kifaa cha macho hatukukitupa, huenda kikamfaa kwa kufungulia kurasa atakapokuwa anasoma.

Jambo ambalo sikulipanga lilitokea wiki ya sita. Mdogo wake alikuwa amekaa kando yake kama kawaida, tayari kumsaidia akikwama, anasoma kila herufi inapotokea. Mwanga ukapita, goti likagonga, na polepole maneno yakajitokeza: mdogo wangu nipishe kidogo.

Binti alisoma mara mbili. Akaniangalia, akamwangalia kaka yake, akasema, "Haya kaka," akatoka na kuufunga mlango. Nami nikatoka. Tulikaa sebuleni na mama karibu nusu saa, hakuna aliyesema neno. Binti alilia kidogo, na nilipotaka kumfariji akaniambia halii kwa uchungu. Miaka yote hiyo, kila neno la kaka yake lilikuwa limepita kwanza kwenye masikio yake, na hakuwahi kufikiri kwamba yapo ambayo kaka angependa yasipite.

Tuliporudi, ukurasa ulikuwa umefungwa. Kwenye skrini kulikuwa na maneno mawili tu: nataka nywila.

Nikamfungulia mpangilio wa akaunti na kuhakikisha jedwali lake litatokea hata kabla kompyuta haijafunguliwa, ili asimhitaji mtu wa kumfungulia. Nikamwonyesha sehemu ya kuandika nywila. Kisha sote watatu tukageuka tukatazama ukuta. Tukawa tunasikia goti tu likigonga swichi, tok, kimya, tok. Nilijikuta nahesabu, mibonyezo miwili kwa kila herufi, halafu nikaacha, kwa sababu hata idadi ya herufi ilikuwa ni siri yake.